Dereva na Mwanawe: Urithi wa Injini ya Dizeli

Katika kambi za mashamba ya chai na miwa mtoto wa dereva hulijua gari la baba yake kabla hajaliona. Lori likiwa bado nyuma ya kilima, mtoto huinua kichwa akasema, "Huyo baba," na kweli baada ya dakika chache lori hutokea. Mtoto wa jirani amesikia kelele tu. Huyu amesikia injini, akajua gia iliyomo, akajua kama lori limebeba majani au linarudi tupu. Hakufundishwa na mwalimu yeyote. Amelala na kuamka na sauti ile tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Safari hii tumeona tuandike juu ya mapenzi ya magari ya dizeli, na jinsi yanavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wapo watakaosema kwamba gazeti la chama lina mambo makubwa kuliko hayo: mishahara, nyumba, mikataba. Hatukatai. Lakini mfanyakazi hana mali nyingi za kurithisha. Shamba si lake, nyumba ya kambini si yake, na lori analoliendesha miaka ishirini si lake. Kilicho chake ni ujuzi ulio mikononi na masikioni mwake, na huo ndio anaomwachia mwanawe. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza anamwachia nini hasa, na pamoja na hicho anamwachia kitu gani kingine ambacho hakitajwi.

Shule ya alfajiri

Gari la petroli nalo hupendwa, lakini mwenye nalo huwasha akaenda zake. Dizeli, hasa ile ya zamani, hutaka subira. Asubuhi ya baridi kule Fort Portal au Bushenyi, injini imelala nje usiku kucha na chuma chake ni baridi kama jiwe la mtoni. Dereva asiye na subira atapiga stata mpaka amalize betri, kisha atafute watu wa kusukuma. Dereva anayejua kazi yake huwasha kwanza plagi za kupasha joto, akangoja, ndipo akapiga stata. Tunawafahamu wazee wengi ambao humpa mtoto kazi ya kuhesabu wakati huo. Mtoto wa miaka sita anahesabu kwa sauti kubwa moja hadi ishirini, baba ameshika ufunguo, na injini ikiitika mtoto huamini kabisa kwamba ni yeye aliyeiamsha. Mtoto kama huyo ameshapatikana, hata akija kuwa karani au mwalimu.

Somo la pili ni moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba kwa vumbi, au nozo inamwaga mafuta badala ya kuyapuliza, au gari limebebeshwa kupita kiasi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili yake yenyewe. Moshi mweupe wa asubuhi ni mafuta ambayo hayakuungua kwa sababu ya baridi, na si jambo la kutia hofu. Lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, ngoja injini ipoe, ndipo ufungue kofia utazame maji, huenda gaskiti imekwisha. Mtoto wa dereva aliyefika darasa la tano huyajua haya kama mtoto wa mganga anavyojua majani.

Somo la tatu ndilo tunalolipenda zaidi, nalo ni kutoa hewa. Gari la petroli likiishiwa mafuta njiani, unamimina mafuta, unapiga stata, unaondoka. Dizeli si hivyo. Tanki likikauka, au filta ikibadilishwa, hewa huingia ndani ya mabomba, na pampu haiwezi kuusukuma upepo kama inavyosukuma mafuta. Hata ukijaza tanki mpaka shingoni, injini itazunguka tu bila kuwaka. Lazima hewa itolewe. Baba hulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta, na mtoto husukuma pampu ya mkono. Kwanza hutoka povu tupu. Kisha povu na mafuta. Kisha mafuta safi yasiyo na kiputo hata kimoja, na baba hupiga kelele, "Acha!" akafunga skrubu. Baadaye hufuata mabomba ya nozo, moja baada ya jingine, mpaka injini ianze kukohoa kwa silinda moja, halafu mbili, halafu zote.

Tazameni jambo hilo vizuri. Ni kazi inayokwenda vizuri zaidi ikiwa na watu wawili, na yule wa pili hahitaji nguvu nyingi wala elimu kubwa. Anahitaji macho na utii. Kwa maoni yetu hapa ndipo mapenzi ya dizeli yanapozaliwa. Watu hudhani mtoto hupenda gari kwa sababu ni kubwa au lina kelele. Lakini mtoto hupenda kazi ambayo bila yeye isingekamilika. Magari yaliyokuja baadaye hutoa hewa yenyewe na kujiwasha yenyewe, na bila shaka ni raha kwa dereva, ila tunashangaa ni kazi gani iliyobaki kwa mtoto.

Ipo pia adabu ya usafi. Mwenye petroli anaweza kuwa mchafu kidogo akasamehewa. Pampu ya dizeli haisamehi, kwa sababu chuma chake kimesuguliwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele, na chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho inatosha kuikwaruza. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kufuta kofia ya tanki kabla ya kuifungua, kufungulia maji yaliyokaa chini ya filta, na kutotumia tambara linaloacha nyuzi. Tumewahi kusikia akina mama wakishangaa kwamba kijana anayetupa nguo zake ovyo nyumbani hupanga spana zake kwa ukubwa kama sahani kabatini.

Pampu ya baiskeli

Kwa wale ambao kazi yao iko mbali na gereji, tueleze kwa ufupi. Injini ya petroli hutumia cheche ya umeme kuwasha mafuta. Dizeli haina cheche. Kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa kuwa hewa ikibanwa hutoa joto. Katika dizeli za magari ya zamani hewa hubanwa mpaka nafasi yake iwe kama sehemu moja ya ishirini, na joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Hapo nozo hupuliza mafuta kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Mlio ule wa kugonga, ambao wageni husema ni kelele na watoto wa kambini husema ni sauti, ndio mafuta yakiwaka kwa ghafla.

Kwa kuwa hewa hubanwa namna hiyo, injini lazima iwe ya chuma kizito na chenye nguvu, na kwa sababu hiyo hudumu. Mnamo 1936 kampuni ya Mercedes-Benz ilionyesha mjini Berlin gari dogo la abiria la dizeli liitwalo 260 D. Yalitengenezwa karibu 2,000 tu, na mengi yalichukuliwa na watu wa teksi, wanaohesabu kila lita. Miaka mingi baadaye mwenye teksi wa Thessaloniki huko Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976 mpaka ikafikisha kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akaikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni. Umbali huo ni kama kuizunguka dunia mara 115. Haikuwa injini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Zilibadilishwa na kufanyiwa matengenezo njiani. Hilo halipunguzi sifa ya gari, na linaongeza sifa ya mwenye gari.

Kwetu sisi magari yaliyofanya kazi hiyo ya kufundisha watoto yalikuwa mengine. Palikuwa na Land Rover, iliyoanza kuuzwa na injini ya dizeli mwaka 1957. Palikuwa na Peugeot 404 na 504, ambazo katika vituo vya teksi vya Kenya na Uganda jina lao lilikuja kuwa jina la usafiri wenyewe. Palikuwa na malori ya Leyland na Bedford. Na kijijini, mahali ambapo gari halikufika, palikuwa na injini ya Lister kutoka Dursley, Uingereza, ikizungusha kinu cha kusaga unga. Mtoto aliyetumwa na debe la mahindi kichwani aliisikia kutoka mbali, polepole, moja, moja, moja, na wengi walioingia ufundi wa dizeli walianzia mlangoni pa kinu hicho, weupe kwa unga, wakitazama gurudumu lile kubwa likizunguka.

Miaka ya uhaba

Hapa Uganda mapenzi haya yalipata mwalimu mwingine mkali. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na katika miaka iliyofuata vipuri vikawa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe ilikuwa adimu. Viwanda vikubwa vya sukari vilidorora. Familia ya Madhvani, waanzilishi wa Kakira, haikurudi mpaka 1985. Malori yaliyobaki yalibaki kwa sababu mtu fulani hakukubali yafe.

Mafundi wa wakati ule walikata gaskiti za mabomba kwa kisu kutoka katika karatasi ngumu za maboksi. Walichukua pampu ya lori moja, nozo za la pili na bloku ya la tatu wakatoa lori moja linalokwenda. Walichuja dizeli kwa kitambaa kabla ya kuimimina. Kazi nyingi zilifanywa usiku, kwa taa ya mafuta, na aliyeshika taa alikuwa mtoto. Watoto wale walioshika taa ndio waliokuja kuwa manyapara wa gereji zetu, na wengi wao wamekwisha kustaafu. Ukiwauliza kwa nini walikuwa wakali kwa kijana anayetupa bolti nzima kwa sababu ina kutu kidogo, watakuambia habari za miaka hiyo, tena watakuambia kwa kirefu, kwa hiyo uwe na nafasi.

Hatuisifu dhiki. Dhiki iliua viwanda na kuwafukuza watu kazini. Lakini ni kweli kwamba kizazi kile kilipenda magari kama mtu anavyopenda ng'ombe aliyemnusuru na ukame, na watoto wao wamerithi macho yale yale.

Mwana wa fundi wa ngozi

Yule aliyebuni injini hii, Rudolf Diesel, naye alikuwa mtoto wa fundi. Alizaliwa Paris mwaka 1858 na wazazi wa Kijerumani. Baba yake alijalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, na mtoto alitumwa kuvipeleka kwa wateja kwa mkokoteni. Akipata nafasi alikwenda katika jumba la makumbusho ya ufundi la mji huo kutazama mashine. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka 1870 familia ilikimbilia London, na mtoto wa miaka 12 akapelekwa kwa jamaa zake Augsburg, Ujerumani, ambako alisoma. Baadaye alisomea uhandisi Munich. Mwaka 1897, katika kiwanda cha Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana kwamba zaidi ya robo ya nguvu iliyomo katika mafuta iligeuka kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufikia hata nusu ya kiasi hicho.

Kwa wakulima wa karanga, lipo jambo la kuchekesha. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya namna hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ilikwenda vizuri hata watu wachache tu walitambua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, mahali ambapo karanga zilistawi. Kama tunavyojua, waliofikiria hivyo hawakuwauliza wenye kuzilima.

Lakini jambo ambalo wafanyakazi wengi hawajapata kuambiwa ni hili. Mwaka 1903 Diesel alitoa kitabu alichokiita Solidarismus. Ndani yake alipendekeza wafanyakazi wachange senti kidogo kidogo kila siku katika mfuko wao wenyewe, na kwa dhamana ya mfuko huo waanzishe viwanda vya ushirika, ambavyo alivifananisha na mizinga ya nyuki. Alikiona kitabu hicho kuwa kazi kubwa kupita hata injini. Hakikununuliwa. Injini ikaenea duniani kote, na mizinga ya nyuki ikabaki kwenye karatasi. Hatudai kwamba hesabu zake zote zilikuwa sawa, lakini inapendeza kujua kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kila kituo cha mafuta alikuwa akiwaza mambo ambayo chama chetu kinayawaza.

Tena alikuwa baba. Mwaka 1905 alisafiri na familia yake kwa gari kupita nchi za Ulaya. Gari lile halikuwa la dizeli, kwa sababu injini yake wakati huo ilikuwa nzito mno kwa gari dogo. Mwanawe Eugen, aliyekuwamo safarini, aliandika kitabu kizima juu ya safari ile baada ya miaka mingi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Rudolf Diesel alitoweka kutoka katika meli iliyokuwa ikivuka kwenda Uingereza. Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili majini, na Eugen ndiye aliyevitambua vile vitu vidogo, kisu cha mfukoni na kifuko cha miwani, kuwa vya baba yake. Mwaka 1937 alichapisha maisha ya baba yake katika kitabu. Hakuwa fundi, alikuwa mwandishi. Inaonyesha kwamba mtoto anaweza kulipenda gari la baba bila kuingia chini yake na spana.

Moshi nao hurithiwa

Sasa tuseme yale yasiyotajwa. Baba mwenye kupenda dizeli hupenda hata harufu yake, na mtoto hufundishwa kuiona kuwa harufu ya nyumbani. Kumbe moshi ule ni sumu. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema kwamba moshi wa dizeli huenda unaleta saratani. Mwezi Juni 2012 shirika hilo hilo liliondoa neno huenda. Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka kwa wafanyakazi kama sisi: utafiti wa Marekani uliowafuatilia wachimba migodi zaidi ya 12,000, ambao walifanya kazi mahali penye mitambo ya dizeli, ulionyesha kwamba waliovuta moshi mwingi zaidi walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu.

Sisi hatuko chini ya ardhi, lakini tazameni gereji zetu. Fundi yuko shimoni chini ya lori, injini inanguruma juu yake, na mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mtoto aliyeleta chakula cha baba amesimama nyuma, sawasawa na bomba la moshi, kwa kuwa hapo ndipo pana joto. Katika viwanda vya chai jenereta imewekwa karibu na mahali wanawake wanapochambua majani, eti kuokoa waya.

Wenye viwanda vya magari nao hawakuwa wakweli. Mwezi Septemba 2015 ilifichuka kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari ya dizeli kama milioni 11 programu ya kudanganya vipimo vya moshi: gari likiwa kwenye kipimo hutoa hewa safi, likitoka barabarani hutoa uchafu. Wapenzi wengi wa dizeli huko Ulaya na Marekani, waliowaambia watoto wao kwamba gari lao ni safi, walijikuta hawana la kuwaambia. Kwa upande wetu, nchi za Afrika Mashariki zilianza Januari 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini mafuta safi ndani ya lori lililochoka bado hutoa moshi mweusi, na malori yaliyochoka ndiyo tuliyo nayo.

Iko hatari nyingine ambayo kila utingo anaijua na hakuna anayeiandika. Mafuta yanapohamishwa kutoka kwenye pipa, kijana hutiwa mpira mdomoni avute. Wazee hucheka akimeza kidogo, husema sasa amebatizwa. Si jambo la kucheka. Dizeli ikishuka tumboni ni mbaya, lakini ikiingia mapafuni hata kidogo huyaunguza, na mtu huweza kufa kwa homa ya mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kutapika ndiko kunakoyapeleka mafuta mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Na mtoto asikubaliwe kamwe kuweka kidole mbele ya nozo inayojaribiwa. Mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Tundu ni dogo kama la sindano, maumivu mwanzoni si makubwa, na kesho yake mkono umevimba na huenda kidole kikakatwa.

Urithi usio na karatasi

Jambo jingine linatuhusu moja kwa moja kama chama. Mtoto aliyeanza kwa kuhesabu plagi na kusukuma pampu ya mkono huwa utingo bila mtu yeyote kuamua. Siku moja amekwenda na baba wakati wa likizo, siku ya pili utingo wa kawaida ni mgonjwa, siku ya tatu likizo imekwisha naye bado yuko juu ya lori. Analipwa chakula, na mwajiri haoni jina lake katika daftari lolote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973, ambao nchi zetu zimeuridhia, unasema kazi ya hatari isifanywe na mtu wa chini ya miaka 18. Mapenzi ya baba hayaufuti mkataba huo. Kumfundisha mtoto uani kwako siku ya Jumapili ni malezi, lakini kumpandisha juu ya mzigo wa miwa saa kumi za usiku ni kumpa tajiri mfanyakazi wa bure.

Na akishakua, anajua kila kitu na hana cheti. Tumeona mafundi ambao wahandisi kutoka mjini huja kuwauliza, lakini katika karatasi za mshahara wameandikwa vibarua. Pampu wanayoifungua ina thamani ya mishahara yao ya miezi mingi. Hapa tunasema wazazi wasione haya kumpeleka kijana kwenye mtihani wa ufundi wa serikali, hata kama ameshawazidi walimu wa chuo kwa mikono. Nchini Tanzania, VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini au mitaani na kuwapa vyeti, na kazi hiyo wanaiita urasimishaji wa ujuzi. Wenzetu wa gereji za mashamba ya upande ule waitumie nafasi hiyo.

Tulipoandika "mwanawe" katika kichwa cha habari hatukusema mvulana. Mabinti wengi wa madereva wanaujua moshi mweusi na moshi wa buluu sawa na kaka zao, kwa sababu walisimama pale pale alfajiri. Wakifika miaka kumi na mitatu huitwa jikoni, na kaka huachiwa spana. Tumewahi kumwuliza mzee mmoja, dereva wa trekta, ni nani katika watoto wake anayemfuata kwa masikio. Akajibu bila kufikiri kwamba ni binti wa pili. Tukamwuliza yuko wapi. Akasema anachuma chai.

Gari lisilo na sauti

Dizeli haitadumu milele, na wazazi wanalijua hilo hata kama hawalisemi. Kiira Motors ya Uganda imeunda mabasi ya umeme, na Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Mengine yatafika mashambani, pengine yakianza na matrekta madogo. Gari la namna hiyo halina plagi ya kupasha joto, halina nozo, halitoi moshi wa rangi yoyote, na likipita nyuma ya kilima mtoto hatalisikia.

Wazee wengine huchukia habari hizi. Sisi tunaona hivi: masikio yaliyozoea kutambua beringi inayolia ndani ya kelele za dizeli yataitambua kwa urahisi zaidi pasipo kelele. Mikono iliyozoea kufuta vumbi kabla ya kufungua kofia haitauharibu waya. Aliyejifunza kungoja hatalazimisha bolti. Kijana wa namna hiyo akipelekwa kujifunza umeme wa magari atashika upesi. Asipopelekwa, atabaki na lori la mwisho la baba yake, wakizeeka pamoja.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya mkataba ujao, matawi yenye gereji na madereva yaongeze mambo haya katika orodha yao. Bomba la kutoa moshi nje liwekwe katika kila gereji yenye paa, na injini isiachwe ikinguruma juu ya shimo lenye mtu. Jenereta iondolewe karibu na wachambuzi wa chai. Mwajiri alipe ada ya mtihani wa ufundi kwa kila fundi aliyefanya kazi miaka mitatu bila cheti, awe mwanamume au mwanamke, na akifaulu mshahara upande kulingana na daraja. Watoto wa wafanyakazi wanaotaka kujifunza wafunguliwe gereji siku moja kwa wiki, mchana, chini ya fundi anayelipwa kwa saa hizo, injini zikiwa zimezimwa. Na katika kila stoo ya mafuta pawe na pampu ya mkono ya kuhamishia dizeli. Tumeuliza bei yake madukani: haifiki hata bei ya tairi moja la lori.